Kopo Nililolisoma Mara Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na macho yangu yameharibiwa na vitu viwili: kutunga uzi kwenye sindano na kusoma ubavu wa pakiti za biskuti. Uzi niliuanza usichanani. Biskuti nilizianza mwaka ambao binti yangu wa mwisho alifikisha miaka miwili, kwenye sherehe ya ubatizo kwa jirani, hapahapa Cheyo. Alipewa kijiko cha kisamvu cha karanga. Akavimba midomo, kisha macho, kisha akaanza kupumua kwa mluzi. Nilimkimbiza hospitali nikiwa peku, na gauni la sherehe. Daktari alimchoma sindano, akakaa naye mpaka pumzi ikatulia, ndipo akanigeukia. Mtoto ana mzio wa karanga, akasema. Asile karanga, asile kilichogusana na karanga, na siku nyingine inaweza kuja mbaya kuliko hii.

"Kwa muda gani, daktari?"

"Huenda maisha yake yote."

Nikacheka. Naona aibu kulisema, lakini nilicheka, mtoto mwenyewe akiwa amelala pale na uso kama wa mtu aliyevamiwa na nyuki. Jamani, sisi ni watu wa Tabora! Mlenda wetu una karanga. Kisamvu kina karanga. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tunayala na karanga. Mgeni akiingia unamwekea karanga kwenye kisahani hata kabla hujamuuliza habari za huko atokako. Daktari angeniambia mtoto asipitiwe na upepo, ningemwelewa haraka zaidi.

Basi nikageuka msoma pakiti. Niliona chakula cha nyumbani siwezi kukiamini, kila chungu cha mji huu kimepika karanga, lakini cha dukani kimeandikwa. Na kilichoandikwa kimeandikwa. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri wakati huo, na nilikuwa nawaambia watu kwa sauti.

Duka ninalonunulia liko Mtendeni, karibu na kibaraza ninachoshonea. Mwenyewe ni mzee wa Kiislamu, ambaye babu zake walifika hapa na misafara wakaona hakuna haja ya kurudi pwani. Ana subira ya watu wa biashara ya zamani. Subira hiyo niliimaliza ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa nachukua pakiti, navaa miwani, naigeuza, nainyanyua kwenye mwanga, nairudisha, nachukua nyingine. Nyuma yangu watu wamejipanga na vikapu vyao.

"Mama, unanunua au unasahihisha mtihani?"

"Nasahihisha. Na hii imefeli."

Mji huu umezoea mizigo ya mbali. Zamani ilikuja juu ya vichwa vya watu, leo inakuja kwa lori, na biskuti zinafika zimeandikwa lugha za kila nchi isipokuwa yetu. Nilipata kuona pakiti yenye lugha saba, Kiswahili hakimo. Neno la karanga nilijifunza kulitambua kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kituruki, mimi ambaye shuleni Kiingereza kilinikimbiza. Siku moja nikakutana na pakiti ya Kiarabu kitupu. Nikampa mzee. Alifurahi, kwa mara ya kwanza naona. Alisafisha koo, akaisoma yote kwa sauti ile nzuri ya madrasa, mpaka wateja wawili wakanyamaza kwa adabu.

"Kwa hiyo ina karanga?" nikauliza alipomaliza.

"Herufi nazisoma, mama. Maana ya biskuti sikufundishwa."

Nikairudisha kwenye rafu. Zaidi ya lugha ngeni, kilichonitia hasira ni yale maneno ya kujihami: inaweza kuwa na chembechembe za karanga. Inaweza! Hata mimi naweza kuwa na chembechembe za karanga. Mwenyekiti wa mtaa anaweza. Kama Tabora ingekuwa inauzwa kwenye pakiti, ingebidi maneno hayo yachapwe mbele kwa herufi kubwa. Niliwahi kumweleza mzee jambo hilo kwa kirefu huku nimeshika pakiti yake ya chumvi, akaniambia chumvi ni chumvi tu, mama, lipa uende ukashone.

Nyumbani nilitawala kwa mkono wa chuma. Nilitoa kinu, nikatoa vyungu viwili, nikatoa kikaango nilichopewa siku ya harusi. Mume wangu alikuwa mla karanga wa kupindukia, mtu anayetembea na karanga mfukoni kama wengine wanavyotembea na funguo. Nikamwambia huko kazini ale atakavyo, lakini hapa mlangoni anawe mikono, asukutue na abadilishe shati. Kuna wanawake wanaonusa waume zao kama wametoka kilabuni. Wangu nilimnusa karanga. Siku moja alikana kabisa, mbele ya watoto, na ganda limemnasa kwenye ndevu.

Ila kitu kimoja sikukitoa, na hata haikunijia akilini kwamba kingehitaji kutolewa. Makopo. Nyumba yangu, kama nyumba zote ninazozijua, haitupi kopo. Kopo la biskuti lina vifungo. Kopo la siagi lina iliki. Asali kutoka porini inakaa kwenye chupa ya maji, na mafuta ya taa yaliwahi kukaa kwenye chupa ya asali. Kopo la maziwa ya unga ndilo linalotembea kuliko yote, kwa kuwa lina mfuniko unaobana. Nikipika futari au mboga nzuri namjazia jirani, na jirani akirudisha kopo halirudishi tupu. Kumrudishia mtu kopo tupu ni kama kumwambia asikutembelee tena. Jirani yangu anaweka chochote alichonacho, mayai mawili, ndimu, hata majani ya chai. Tumeishi hivyo miaka mingi na hatujawahi kugombana.

Sasa nije kwa mama mkwe, maana huko ndiko nilikokuwa na vita.

Mama mkwe anaishi Ntalikwa, analima. Karanga zake zilikuwa na jina. Kila mwaka baada ya mavuno alimletea mwanawe gunia, na watu walikuja kuziomba mbegu. Siku nilipompelekea habari ya mtoto alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mjukuu wake haruhusiwi kula karanga.

"Na nani?"

"Na daktari, mama."

"Tangu lini?"

"Nadhani amezaliwa hivyo."

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi. "Basi ni mwiko wake."

Akanieleza kwamba ukoo wa mama yake hawakula swala. Mtu wao akila alitoka vipele mwili mzima. Hata jirani akipika swala, wao hawakuazima chungu chake, wala upawa wake, wala hawakupokea maji kwenye kibuyu chake siku hiyo. Nilisikiliza huku damu inachemka. Nimekuja na maneno ya daktari, ananirudishia habari za swala.

"Mama, huu si mwiko wa ukoo. Huu ni ugonjwa. Wa kitaalamu."

"Nimesikia, mayu."

Mayu ni mama kwa Kinyamwezi. Ananiita hivyo anapotaka ninyamaze. Nikaondoka nikijua moyoni kwamba mwanamke huyu atamuua mwanangu, tena kwa upendo, kwa kijiko cha kisamvu, akisema kidogo tu hakidhuru. Nikaamua mtoto hatalala kule. Atakwenda Jumapili, atacheza, lakini chakula atabeba kutoka mjini, na kila pakiti itakuwa imepita chini ya miwani yangu. Ikawa hivyo misimu miwili. Mama mkwe alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, mikono imemlalia mapajani, anamtazama mjukuu wake akila biskuti za Uturuki uani kwake. Hakusema kitu. Nami nikahesabu ukimya wake kuwa ni kununa.

Na ushahidi nilikuwa nao. Mavuno yaliyofuata, gunia la karanga halikuja. Mwaka wa pili pia halikuja.

"Mama yako amenuna," nikamwambia mume wangu.

"Labda mvua."

"Mvua gani? Majirani zake wamevuna mpaka wamechoka!"

Mume wangu akizidiwa na hoja huwa anatoka kwenda kuangalia baiskeli.

Likizo ya Juni, binti akiwa na miaka minne, aliniganda. Anataka kulala kwa bibi wiki nzima, binamu zake wote wanalala, yeye tu ndiye anarudishwa jioni kama mgeni. Alilia kwa kwikwi mpaka nikamwonea huruma. Mume wangu naye akapata ujasiri. "Mama amelea watoto sita," akasema, "na mmoja wao ulikubali kuolewa naye."

Nikakubali, kwa masharti. Niliyaandika masharti hayo kwenye karatasi, pande zote mbili, kwa herufi kubwa, nikijua fika kwamba mama mkwe hajui kusoma. Nikafunga begi la chakula: biskuti zilizofaulu, tambi, chumvi, sukari, na kopo la maziwa ya unga la kuchanganyia uji. Kopo nililitoa kwenye rafu, nikavaa miwani, nikasoma. Maziwa, vitamini, basi. Nikalitikisa, limejaa. Nikalisoma tena, kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo.

Jumapili alasiri tulifika Ntalikwa. Nikamsomea mama mkwe karatasi yote, yeye akiwa amekaa na mimi nimesimama, kama karani wa mahakama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Bado. Kopo hili ni la maziwa, umchanganyie kwenye uji wa asubuhi. Nimelisoma."

"Umelisoma."

"Mara mbili, mama."

Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini. Nikarudi mjini nikiwa mwepesi, hata nikamwimbia mume wangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kibarazani Mtendeni na sketi ya mtu chini ya sindano, jirani yangu akapita akielekea sokoni. Akasimama kunisalimia, akauliza nyumbani tumeamkaje. Kisha akasema, "Shoga, ule unga wangu uliuonaje?"

"Unga gani?"

"Wa lishe. Niliokuletea kwenye kopo lako la maziwa. Nimesaga mwenyewe, mahindi, soya na karanga. Si nilikwambia ni wa wakubwa, mtoto asiguse?"

Alikuwa ameniambia. Hapo ndipo nilipokumbuka. Alikuja wiki ile nikiwa napima pindo la mteja, pini tano mdomoni, akaweka kopo mezani, akasema maneno marefu, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuitikia kwa kitu kingine. Kopo nikalirudisha kwenye rafu yake. Kwenye rafu ya maziwa.

Sijui sketi ya yule mteja iliishia wapi. Nilipiga simu ya mama mkwe, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikamvuta dereva wa bodaboda kwa ukosi, nikamwambia Ntalikwa, twende, twende! Njia nzima nilikuwa nasema na Mungu kwa sauti. Sikumwomba kwa adabu. Nilimwambia mimi ndiye mwenye kosa, anivimbishe mimi, anizibe koo mimi, mtoto anahusika nini na kichwa changu kibovu. Yule dereva hakugeuka hata mara moja, ila aliongeza mwendo. Saa hizo ni saa za uji. Nilijua hata kikombe atakachonywea, cha bati, cha buluu, chenye tundu kwenye mshikio.

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, kikombe cha buluu mdomoni.

Nilikipiga kikombe kikaruka. Nikamshika kidevu, nikamfungua mdomo, nikamtazama midomo, macho, shingo, nikamwekea sikio kifuani. Alikuwa anapumua kama mtu yeyote aliyemwagiwa uji wake asubuhi: kwa hasira.

"Mama! Umemwaga uji wangu!"

"Umekunywa vingapi? Koo linawasha? Niambie koo linawasha?"

"Hiki ni cha pili. Bibi, mwone mama!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alinitazama, mimi na kanga yangu iliyojaa uji.

"Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia.

Nikakaa chini palepale. Nilijaribu kumweleza kuhusu kopo, jirani, pini, maneno yakanitoka nyuma mbele. Aliniacha nimalize, kisha akaniashiria kwa kidevu juu ya banda la kuku. Kopo langu la maziwa lilikuwa pale, limefungwa kwa kamba ya katani, peke yake.

"Jana ulipoondoka tu nilifungua," akasema. "Nikanusa. Nikafunga. Nikanawa mikono kwa majivu, nikabadilisha kanga."

"Lakini nilikwambia nimelisoma!"

"Uliniambia. Lakini mwenye mwiko halishwi kitu ambacho anayemlisha hakukiona kikitwangwa. Ndivyo tulivyofundishwa. Sikutaka kukuvunjia heshima mbele ya mtoto."

Nikamuuliza huo uji basi ni wa nini. Akanionyesha kinu. Kipya, cheupe bado, hakijapata hata rangi ya moshi. Ulezi wake, kinu chake, chungu kipya, upawa mpya, na vyote vimekaa kwenye kichanja cha pembeni. Alisema kinu alikichongesha mwaka ule ule nilipomletea habari. Nilikitazama ndani, hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja ila wa asubuhi hiyo.

"Hukuwahi kukitumia?"

"Ningemtwangia nani? Alikuwa anakuja na chakula chake."

Moyo uliniuma, siwezi kusema vinginevyo. Lakini mimi ni mbishi hata nikiwa nimeshindwa, nikatafuta pa kushikia. Nikamwambia mama, kinu ni sawa, lakini karanga zako ziko wapi, mtoto anazurura humu, akiokota je?

"Karanga gani?"

"Unazolima."

"Sijapanda misimu miwili, mayu."

Nikageuka nikatazama shamba la nyuma ya nyumba, lile nililopita kila Jumapili nikiwa na miwani yangu usoni na pakiti mkononi. Lilikuwa na mabua ya mahindi na matuta ya viazi, mpaka kwenye mpaka wa jirani.

"Na wewe mwenyewe unakula nini?"

"Ninakula mboga hivyohivyo. Mwanzo ilinishinda, nilikuwa sishibi." Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa pembe ya kanga. "Mwiko wa mtoto unashikwa na nyumba nzima. Ningemshikaje mjukuu wangu na mikono inayonuka karanga? Nilisema acha niwe tayari, siku utakayomleta anikute tayari."

Binti akamkumbusha kwamba uji umemwagika. Mama mkwe akaingia jikoni kumkorogea mwingine, nami nikamfuata, nikamshika miguu, nikamwambia shikamoo. Akaniambia niinuke, nitaungua.

Mtoto alikaa wiki yote, na wiki iliyofuata akaiomba pia. Karatasi yangu ya masharti ilikuwa imetumika kuwashia moto, na sikuuliza. Nilipokwenda kumchukua, mama mkwe alileta kopo lile la maziwa. Unga wa jirani alikuwa amewapa watu wenye haja nao, kopo akalisugua kwa majivu, akalianika juani siku tatu. Sasa lilikuwa zito, limejaa ulezi kutoka kwenye kinu kile, maana hata yeye harudishi kopo la mtu tupu. Ubavuni bado limeandikwa maziwa.

"Hutalisoma?" akaniuliza.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani.